Siku Wamama Waliofunga Walipokuja Kuonja Mafuta

Divine, ambaye sasa ndiye anayewaongoza wageni kwenye kinu chetu cha mafuta ya zeituni, ameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi miaka ile, ili yeye na wenzake wawe na kitu cha kusoma wakati zeituni bado ni ndogo mtini na wageni ni wachache. Nimekubali kwa moyo wa shukrani, na pia kwa sababu ya amani ya nyumbani. Tangu nilipostaafu, mke wangu Mama Neema amenifukuza jikoni mara nyingi. Naonja mchuzi wake na kutamka maneno yanayofaa katika chumba cha kuonjea mafuta, lakini ambayo hayana faida yoyote ndani ya ndoa.

Mimi Samweli ni mtu wa Uvira, Kongo. Nilisomea mambo ya dini kwa wamisionari, nikafundisha watoto wa kanisa, kisha vita vikatutawanya, na Mungu kwa wema wake akanifikisha Durban nikiwa na mke, watoto na sanduku moja. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kulinda magari pale Bluff, mbele ya duka la vifaa vya uvuvi. Ni kazi inayofundisha subira. Unavaa fulana ya kung'aa, unasimama juani, na watu wengi wanapita kana kwamba fulana ile imetundikwa hewani bila mtu ndani yake.

Mmoja wa wale waliouona uso wangu alikuwa Uncle Siva. Alikuwa Mhindi wa Queensburgh, fundi wa mitambo, aliyekuja Bluff kila Jumamosi kuvua samaki ambao sikuwahi kuwaona. Siku moja alinikuta nasoma Maandiko nikiwa nimeegemea ukuta, akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia nimefika mahali Nuhu anapoletewa jani la mzeituni na njiwa. Akaniuliza kama nimewahi kuuona mti wenyewe. Nikasema hapana, nimeuhubiri tu. Alicheka, akasema huko anakofanya kazi ipo mingi, na wanatafuta mtu wa msimu. Jumatatu alfajiri alinichukua barabarani kwa pikapu yake, bakkie kama wanavyoiita hapa, na kwa miaka mingi baada ya hapo aliendelea kunichukua.

Siku ile ya kwanza nilivaa suti na tai. Msinicheke. Nilikuwa nimesoma tangu utoto juu ya bustani ile Bwana aliyosali usiku wa kukamatwa, ambayo jina lake lenyewe maana yake ni mahali pa kukamulia mafuta, na sikuweza kuingia mahali kama pale nikiwa na fulana ya magari. Nilitazamia jiwe kubwa la kusagia, punda anayezunguka, na wazee wanaozungumza kwa sauti ya chini. Nilikuta ukumbi wa bati, mashine za chuma zinazong'aa, sakafu yenye maji na redio ya Kizulu iliyofunguliwa mpaka mwisho. Nilimwuliza Uncle Siva punda yuko wapi. Alinijibu kwa uso mkavu kwamba punda amestaafu. Kisha alinipa buti za mpira na mpira wa maji, na suti yangu ikajifunza kazi ya kwanza ya kinu chochote, ambayo ni kuosha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia nyinyi mnaoanza ni hili: anayetaka kujua mafuta, aanze kwa kuosha. Rojo lililobaki jana ndani ya mashine ni uvundo wa mafuta ya leo. Uncle Siva alikuwa akipitisha kidole kwenye pembe za mashine ya kukandia, ananusa kidole, halafu ananiangalia bila kusema neno. Nilikuwa narudia kuosha kabla hajaufunga mdomo ambao hakuufungua.

Alinifundisha mambo mengine kwa mtindo huohuo. Kwamba kisagio kina sauti mbili, na ile nyembamba ni dalili kwamba jiwe au kijiti kimepita. Kwamba rojo linapokandwa liwe na joto la maji unayomwogeshea mtoto mchanga, basi. Ukiongeza joto unapata mafuta mengi na harufu kidogo, na atakayekushukuru ni mhasibu peke yake. Kwamba mashine ya kuzungusha inatenganisha maji na mafuta kwa nguvu, lakini haijui kutenganisha kazi nzuri na mbaya. Na kwamba zeituni haingoji. Kinu chetu, kama mnavyojua, kiko juu ukishapita Pinetown, mahali penye baridi ya asubuhi, kwa sababu chini mjini unyevu wa bahari unaichosha miti. Tunda likishachumwa na kurundikwa, linaanza kupata joto lenyewe kama nyasi mbichi ndani ya gunia. Ya asubuhi isagwe leo. Ya jioni isagwe leo vilevile.

Na alinifundisha kuonja. Nyinyi mnazijua zile glasi za rangi ya bluu nzito, zinazozuia macho yasiseme kabla ya pua. Unaifunika kwa kiganja, unaipasha joto kwa mkono wa chini kama unavyoshika kifaranga, unanusa, unapiga funda dogo, unavuta hewa kati ya meno kwa kelele ambayo mama yako angekukataza, kisha unameza. Mafuta mazuri mapya ni machungu ulimini na yanawasha kooni. Ukikohoa, usione haya. Kikohozi ndicho makofi tunayopigiwa.

Ili mtu ajue uzuri, alisema Uncle Siva, lazima awekewe ubaya karibu. Kwa hiyo dirishani aliacha chupa moja nyeupe ya mafuta, inayopitisha mwanga, juani, mwaka baada ya mwaka, na mezani ilikuwa ndiyo glasi ya tatu: ya kwanza mafuta mapya, ya pili mafuta ya zeituni zilizoiva sana, ya tatu yale ya dirishani, yaliyoharibika, yenye harufu ya njugu za zamani na kalamu za nta za watoto. Wageni wakiifikia ya tatu hukunja uso, na somo linakuwa limekwisha.

Wengi wenu mnanijua kwa ziara tu, na kweli ziara ndizo zilizokula sehemu kubwa ya maisha yangu kinuni. Nimemwona bwana mmoja akimimina glasi nzima kooni kama bia, kisha akakaa chini kwenye ngazi na kuomba dakika chache za faragha. Nimeongoza maharusi waliogombana mbele ya mashine ya kuzungusha wakapatana kabla ya tangi la pili. Na katika kila kundi, bila kukosa, yupo mtu atakayechuma zeituni mbichi mtini na kuitafuna, ingawa nimemwambia kwa lugha tatu asifanye hivyo. Mwacheni. Amani anayoipata baada ya kutema inamfanya asikilize vizuri mpaka mwisho. Lakini hayo yote yalikaribia kutokuwepo, na hilo ndilo ninalotaka kuwaandikia hasa.

Msimu wangu wa saba au wa nane, bega langu la kulia lilikataa. Nilikuwa nanyanyua kreti la zeituni nikasikia kitu kimeachia ndani, na daktari akasema nisinyanyue tena kitu kizito kuliko birika. Sasa niambieni kinu gani hakina kitu kizito kuliko birika. Bwana Craig, mwenye kinu, hakuwa mtu mbaya. Aliniita ofisini, akanipa kiti, na kunieleza kwamba kazi nyepesi pekee aliyo nayo ni ya kuongoza wageni, kwa kuwa mwongozaji wake alikuwa amehamia Cape Town. Lakini Kiingereza changu, alisema, ni cha mtu anayehubiri, na wageni wa Jumamosi hawaji kuhubiriwa. Uncle Siva, ambaye hakuitwa lakini alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono, alisema mjini wako Wakongo na Warundi wengi wenye makanisa yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda huku. Mbona Samweli asiwalete hao?

Bwana Craig alifikiri, akakubali jaribio moja. Nilete kundi moja, Jumamosi ya mwisho ya kusaga, yeye mwenyewe awepo aone. Kama watu watafurahia mafuta na kutaka kurudi, kazi ni yangu. Kama sivyo, mwisho wa mwezi tutaagana kwa heshima. Nilimshukuru kwa dhati. Mama Neema alikuwa akisuka nywele saluni mjini, binti yetu alikuwa anaanza chuo cha uuguzi, na mimi sikuwa tena na bega la kurudi nalo hata kulinda magari, maana gari la mtu likikwama ni mlinzi anayelisukuma.

Niliwaomba wamama wa kanisa letu, lile la Cato Manor tunaloabudu kwa Kiswahili. Rais wao alikuwa Mama Riziki, mwenyeji wa Bukavu, muuzaji wa mawese, sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu, mwanamke ambaye hata pasta alimtazama kwanza kabla ya kurefusha mahubiri. Alikubali papo hapo. Wakakodi taxi, basi dogo la abiria, wakachagua vitenge vya kufanana, kila kitu kikawa tayari.

Jumatano jioni, kwenye maombi, pasta alisimama na kutangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya watoto waliokuwa kwenye mitihani. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kila siku hakuna kitu kinachopita mdomoni, hata maji, mpaka saa tisa alasiri. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nimekaa mbele, uso kwa uso na watu wote. Nikasema Amina pamoja na wengine. Naamini ilikuwa Amina nzito kuliko zote nilizowahi kusema.

Baada ya ibada nilimfuata pasta pembeni, nikamweleza habari ya ziara na ya kuonja, na kumwuliza kama Jumamosi mfungo ungeweza kumalizika mapema kidogo, tuseme saa tano. Alinishika bega, lile bovu.

"Papa Samweli," akasema, "Bwana alikaa jangwani siku makumi ine. Wewe unaomba upunguziwe saa ine?"

Kubadilisha siku haikuwezekana, kwa sababu Jumamosi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kusaga. Nilimwendea Mama Riziki, nikitumaini kidogo kwamba yeye angesema wasije. Alisema neno lao wamelitoa, kwa hiyo watakuja, na Mungu neno lao amelisikia, kwa hiyo hawataonja. Aliona mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila shida yoyote.

Jumamosi asubuhi nilimwambia Bwana Craig. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu kama ameelewa vizuri: wanakuja kwenye ziara ya kuonja mafuta, na hawataonja mafuta. Nikasema ameelewa vizuri sana, angalau mpaka saa tisa. Akanikumbusha kwamba Jumamosi mlango unafungwa saa nane. Uncle Siva aliondoka haraka akajificha nyuma ya tangi, na kwa muda mrefu tangi lile lilisikika likicheka.

Uncle Siva naye alikuwa na shida yake. Kipulizio cha kuondoa majani kilikuwa kimekufa tangu alfajiri, na makreti ya mwisho ya msimu yalikuwa yamepangwa ukumbini na majani yake na vijiti vyake. Alikuwa anayachambua kwa mkono pamoja na wafanyakazi wawili, na ilikuwa wazi kwamba hawatayamaliza siku ile. Zeituni zingelala mpaka Jumatatu zikijipasha joto.

Wamama walifika saa tano, wamevaa vitenge vya kijani na kofia za sufu, kwa maana huku juu mwezi wa sita si Durban. Midomo yao ilikuwa mikavu ila nyuso zilikuwa na furaha. Niliwapitisha kwenye miti, kwenye sehemu ya kuoshea, kisha kwenye kisagio. Mama Solange, msusi mwenzake Mama Neema, aliweka sikio karibu na mashine.

"Inakoroma sawa na bwana yangu kitandani," akawaambia wenzake. "Lakini hii angalau inatoa mafuta."

Walicheka mpaka wengine wakashikana mikono. Bwana Craig, ambaye alitufuata kwa nyuma akiwa amekunja mikono, aliniuliza wamesema nini. Nilimwambia wanasifu mashine.

Tukafika chumba cha kuonjea. Glasi za bluu zilikuwa mezani, tatu tatu. Niliwaeleza kwamba leo tutaonja kwa pua tu, na Mungu hakuwahi kumhesabia mtu dhambi kwa kunusa. Wafunike, wapashe joto, wanuse bila haraka. Na kama hamjawahi kumwona mtu mwenye njaa akinusa chakula, basi hamjaona kunusa.

Ile ya kwanza, mafuta yetu mapya, iliwashangaza. Mama Solange alisema inanukia bustani yenye wametoka kukata majani. Mama Riziki alirudisha yake mezani kwa heshima, akasema, "Hii ni salade." Ya pili waliona iko kama ndizi karibu kuiva, nzuri, lakini haikuwahusu sana. Nikawaambia wachukue ya tatu, nikangoja nyuso zikunjwe.

Hazikukunjwa. Mama Riziki alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha glasi mpaka kifuani, na alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya maombi ya alfajiri.

"Hii njo yenyewe, njo mafuta ya Bwana," akasema.

Nikaangalia wengine. Vichwa vilikuwa vimeinama. Mama mmoja alianza kuimba chini kwa chini bila maneno. Mama Solange alikuwa anatoa machozi. Ndipo nilipoelewa. Kanisani kwetu, dirishani nyuma ya mimbari, ipo chupa ya mafuta ya upako. Pasta aliinunua zamani, tulipokuwa bado tunaabudu ndani ya karakana, na tangu hapo huongezewa kidogo kidogo lakini haijawahi kumalizika wala kuoshwa. Ni chupa nyeupe, na inakaa juani. Kwa mafuta yale wagonjwa wetu walipakwa, watoto wakabarikiwa, ndoa zikafungwa. Wamama hawa hawakuwahi kunusa mafuta mengine yoyote ya zeituni maishani mwao. Na mimi, niliyeinusa kila Jumapili, sikuwahi kuinusa kama ninavyonusa kazini. Ni mkono wa pasta unaokushika kipaji cha uso. Mtu haukagui.

Bwana Craig alisogea mlangoni. Kutoka pale hakuweza kujua ni glasi ipi, lakini aliyaona machozi, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

"Wameipenda ipi?" akaniuliza.

Nawaambia ukweli, majibu mepesi yalikuwepo mawili, yote tayari mdomoni. Ningeweza kumwambia yeye ya kwanza. Ningeweza kuwaambia wamama ndiyo, mmechagua vizuri. Mwongozaji aliyenitangulia alikuwa akimwambia kila mgeni hivyo. Kazi ingekuwa yangu, wamama wangerudi nyumbani wamebarikiwa, na aliyejua angekuwa Uncle Siva peke yake, ambaye wakati huo alikuwa ameingia nyuma yetu na kupata bomba la kufuta ambalo halikuwa na uchafu. Nilimwomba Mungu anipe maneno. Kama kawaida yake, alinipa machache.

"Mama Riziki," nikasema, "hii ya tatu ni ya kufundishia. Zamani ilikuwa nzuri. Tumeiweka juani ndani ya chupa nyeupe, na jua limeila."

Alifumbua macho. "Unasema iko nini, Papa Samweli?"

"Imeharibika, Mama."

Aliitazama glasi, akanitazama mimi. Alikuwa mwepesi wa akili kuliko sisi sote, na niliona jinsi mawazo yake yanavyotoka mezani pale kwenda Cato Manor mpaka dirishani.

"Na ile ya kanisa?"

"Ile pia, Mama."

Hakuna aliyeimba tena. Mama Solange alifuta machozi kwa upande wa kitenge na kuuliza lile ambalo kila mmoja alikuwa analo kooni.

"Basi siye tunapakwaka mafuta ya kuoza?"

Nilimkumbusha mwaka ule alipokuwa mgonjwa wa tumbo, tukamwombea na pasta akampaka mafuta. Nikamwuliza, "Ulipona ama hukupona?"

"Nilipona."

"Basi haikuwa harufu yenye ilikuponyesha."

Mama Riziki aliinua glasi ya tatu tena, akainusa kwa mara ya mwisho, safari hii kama mtu anayekagua mawese sokoni. Kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, na mimi nikajua nimemwumiza, mpaka nilipoona kwamba anajizuia kucheka.

"Kumbe Bwana anavumiliaka mingi," akasema.

Wakaanguka wote. Walicheka cheko la watu wenye njaa, ambalo halina nguvu lakini haliishi. Mmoja akasema sasa anaelewa kwa nini mume wake hufungua dirisha wakirudi kutoka kanisani. Baadaye Mama Riziki akanibana kwa maswali: mafuta yawekwe kwenye chupa ya namna gani, yakae wapi, yatumike kwa muda gani. Nikamwambia chupa nyeusi, kabatini, mbali na joto, na yamalizwe, yasiongezewe mapya juu ya yaliyozeeka. Aliyarudia kwa sauti ili wenzake washike. Niwaambie tu kwamba sijapata darasa bora kuliko lile mpaka leo.

Bwana Craig alikuwa bado anangoja jibu. Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha kuhubiri. Tabasamu lilimwondoka taratibu.

"Wote wamechagua iliyoharibika?"

"Wote."

"Na ukawaambia?"

"Waliuliza."

Alitazama saa yake. Alisema kwa upole kwamba siyo kosa langu, lakini hawakuonja, waliipenda mbaya, na saa nane iko karibu. Mama Riziki alitaka kujua mwenye kinu anasema nini, nikamtafsiria, na pia nikamweleza, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya ukweli, kwamba ziara ile ndiyo ilikuwa jaribio langu la kazi. Sikuwa nimewaambia kabla.

"Mwambie hatutoke bila kuonja," akasema. "Afunge mulango yake, tutangoja inje mpaka saa tisa." Halafu akaelekeza kidole kwenye yale makreti ukumbini. "Na ile batu banafanya nini pale, banatoa majani moja moja sawa vile banachagua muchele ya mugonjwa?"

Nikamweleza habari ya kipulizio na ya zeituni zisizoweza kungoja Jumatatu. Alikunja mikono ya sweta. Mnawajua wamama wetu: kukaa wakitazama kazi inafanywa vibaya ni mateso kwao kuliko njaa. Kufumba na kufumbua walikuwa wamejipanga pande zote mbili za meza ya kuchambulia, wale waliolelewa kwa kuchambua maharage na sombe, na majani yakaanza kuruka sakafuni kama mvua. Wakaimba, safari hii kwa maneno. Mmoja wa wafanyakazi alizima redio yake kwa hiari, akaanza kupiga ndoo kama ngoma.

Mimi na bega langu tulisimama tu tukionyesha lipi ni jani na lipi si jani. Nani alinyanyua makreti? Bwana Craig. Alivua jaketi, akabeba moja baada ya jingine kutoka ukutani mpaka mezani, na kila alipotua moja Mama Riziki alimwonyesha mahali pa kuliweka bila kumtazama. Saa nane ilipita. Hakuna aliyeuzungumzia mlango.

Karibu na saa tisa, mafuta ya kreti la mwisho yalianza kutoka kwenye mdomo wa mashine, kijani kibichi, mazito, yenye ukungu ndani. Uncle Siva alikinga ya kwanza kwenye bakuli. Bwana Craig alikuwa ametuma mtu dukani barabarani kuleta mikate myeupe. Tukasimama kuizunguka meza, na Mama Riziki akaomba. Aliwaombea watoto wa mitihani mmoja mmoja kwa majina, akaomba kwa ajili ya pasta, kwa ajili ya nchi tulizoziacha na nchi iliyotupokea, kwa ajili ya kipulizio. Nilifumbua jicho mara moja tu. Uncle Siva alikuwa ameunganisha viganja kama wanavyofanya kwao. Bwana Craig alikuwa ameinamisha kichwa, na baadaye nilikuja kujua kwamba yeye pia hakuwa amekula tangu asubuhi, kwa kuona aibu kutafuna mbele ya watu waliofunga.

Kwa hiyo baada ya Amina ni mkono wake uliofika kwenye mkate kabla ya mingine yote. Alichovya, akatafuna, akanisogelea.

"Ungeniambia wameipenda ya kwanza, ningeamini," akasema.

"Halafu wangekuja kwako kununua ya tatu," nikamjibu.

Alimeza. Ikamwasha, akakohoa kidogo, akafuta kidevu kwa mkono. "Jumatatu saa tatu," akasema. "Kuna kundi la shule. Na usinyanyue kitu."

Sikuwahi kupata nafasi ya kumshukuru vizuri, kwa sababu upande wa pili wa meza kulitokea kelele. Mama Riziki alikuwa amepiga tonge kubwa la mkate lililolowa, la mtu aliyefunga siku tatu, na mafuta mapya yalikuwa yamemshika kooni. Alikohoa mpaka kofia ya sufu ikaanguka. Wamama wakampiga mgongoni, mmoja akaita maji, mwingine akaanza kumwombea, na mimi nikawa napiga kelele juu ya wote kwamba ni vizuri, ni vizuri, hivyo ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Mwishowe aliinua mkono wakanyamaza. Macho yalikuwa yamejaa machozi, pumzi inakuja kwa shida. Akaokota kofia, akaivaa, akaninyooshea kipande kingine cha mkate.

"Weka tena, Papa Samweli," akasema. "Bado hayajamaliza kunigombeza."